Habari za George Boole, Mtoto wa Fundi Viatu

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi mnaopanga foleni kila Jumamosi mbele ya chumba cha kompyuta, nataka kuwaelezeni habari za mtu ambaye jina lake limo ndani ya mashine zile, ingawa yeye mwenyewe hakuiona hata moja. Mtu huyo ni George Boole, Mwingereza, aliyekufa mwaka wa 1864, kabla taa za umeme hazijaingia nyumbani mwa watu. Kila anayejifunza kuandika programu hukutana na jibu la namna mbili tu, ama kweli ama si kweli, na jibu hilo huitwa buliani kwa ajili ya Boole. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza buliani ni mnyama gani. Nilimjibu kwamba si mnyama, alikuwa mwalimu wa shule kama mimi. Darasa lilicheka, lakini niliona jibu hilo ni fupi mno.

Boole alizaliwa tarehe 2 Novemba, 1815, katika mji wa Lincoln, upande wa mashariki wa Uingereza. Baba yake, John Boole, alikuwa fundi viatu. Lakini fundi huyu alipenda lenzi na nyota kuliko ngozi na uzi. Alitengeneza darubini kwa mikono yake, akawakaribisha majirani waje kutazama mbingu. Haya yalikuwa mambo mazuri, walakini mteja mwenye kiatu kilichotoboka hangoji mpaka fundi amalize kutazama mwezi. Biashara ilizorota mwaka hata mwaka.

Mtoto alipata faida kwa upande mwingine. Baba alimfundisha hesabu, na rafiki wa baba, aliyekuwa muuza vitabu, akamwonyesha Kilatini. Kiyunani alijifunza peke yake. Alisoma shule ya msingi, kisha shule ndogo ya mambo ya biashara, na hapo masomo yake ya darasani yakaisha. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alifasiri shairi la Kiyunani, na baba yake kwa furaha akalipeleka kwenye gazeti la mji. Mwalimu mmoja alilisoma, akaandika gazetini kwamba haiwezekani mtoto wa umri ule awe amelifasiri mwenyewe. Mnaona basi kwamba desturi ya kumshuku mtoto wa maskini anapofanya vizuri si ya kwetu peke yetu.

Mwaka wa 1831 biashara ya viatu ilikuwa imeanguka. George, kijana wa miaka 16, hakuwa na budi kutafuta kazi, kwa maana sasa yeye ndiye aliyekuwa tegemeo la baba, mama, na wadogo zake watatu. Alipata kazi ya mwalimu msaidizi katika mji wa Doncaster. Huko ndiko alikoanza hisabati za juu, kwa kitabu cha Kifaransa cha Lacroix kilichohusu kalkulasi. Yasemekana alichagua vitabu vya hisabati kwa sababu ya umaskini: kitabu cha hadithi humalizika kwa siku mbili, lakini kitabu cha hisabati mtu aweza kukaa nacho miezi mingi kwa fedha ile ile. Yasemekana pia kwamba wazazi wa wanafunzi walinung'unika kusikia mwalimu huyu afanya hesabu siku ya Jumapili, hata kanisani. Hakudumu Doncaster.

Mwaka wa 1834, akiwa na miaka 19 tu, alifungua shule yake mwenyewe mjini Lincoln. Fikirini, ninyi wa kidato cha sita: umri wenu, naye ni mkuu wa shule, mhasibu wa ada, mwalimu wa masomo karibu yote, na mlezi wa jamaa nzima. Baadaye aliongoza shule nyingine katika kijiji cha Waddington, na mwaka wa 1840 akarudi Lincoln kufungua shule ya bweni. Kwa muda wa miaka 15 hivi kazi yake ilikuwa hiyo. Hisabati zake alizifanya usiku, watoto wamekwisha kulala. Nami ninayesahihisha madaftari kila jioni najua mtu hubaki na nguvu kiasi gani baada ya hapo, kwa hiyo katika habari zake zote hakuna linalonistaajabisha kuliko hilo.

Hakuwa peke yake kabisa. Mjini palikuwa na jumba la kusomea la mafundi na wafanyakazi, ambalo baba yake alilitunza kwa muda, na bwana mmoja tajiri, Edward Bromhead, alimwazima vitabu vya hisabati. Mwaka wa 1835 Boole alitoa hotuba katika jumba hilo juu ya maisha ya Newton. Baadaye alianza kuandika katika jarida la hisabati la Cambridge, na mhariri wake, Duncan Gregory, akawa rafiki yake. Boole alifikiri kwenda Cambridge kusoma shahada. Gregory alimweleza wazi kwamba atalazimika kuacha utafiti wake kwa muda ili afuate masomo ya mtihani, na kwamba gharama ni kubwa. Na nani angewalisha wazee wake kule Lincoln? Boole alibaki na shule yake. Hakupata kusoma shahada hiyo kamwe.

Walakini mwaka wa 1844 aliandika makala ndefu akaipeleka Royal Society ya London, chama kikuu cha wataalamu wa Uingereza. Nusura ikataliwe, maana hapana aliyemjua mwandishi wake. Mwisho walimpa nishani ya dhahabu.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mkewe alisimulia baadaye kwamba Boole, alipokuwa kijana wa miaka kama 17, alikuwa akivuka shamba kwa miguu, likamjia wazo ghafula: je, haiwezekani fikira za mtu ziandikwe kama aljebra? Wazo hilo lilikaa naye miaka mingi. Mwaka wa 1847 alilitoa katika kitabu kidogo, na mwaka wa 1854 katika kitabu kikubwa juu ya kanuni za fikira.

Tutumie shule yetu kama mfano. Tuseme namba 1 ni wanafunzi wote wa shule, na 0 ni hakuna hata mmoja. Herufi x iwe wanafunzi wa bweni, na y iwe wacheza mpira. Boole aliandika xy kwa maana ya wale walio yote mawili, wa bweni na wacheza mpira. Basi 1 − x ni nani? Ukiondoa wa bweni katika shule nzima, wanabaki wa kutwa. Na (1 − x)y ni wacheza mpira wa kutwa. Mpaka hapa ni aljebra ile ile ya darasani.

Lakini tazameni xx. Ukichagua wanafunzi wa bweni, kisha kati ya hao ukachagua tena walio wa bweni, umepata nini? Wale wale. Kwa hiyo xx ni sawa na x. Katika hesabu za kawaida jambo hili si kweli, kwa kuwa 3 mara 3 si 3. Boole akauliza ni namba zipi zinazoitii kanuni hii. Mwanafunzi yeyote aliyefika kwenye milinganyo ya kipeo cha pili aweza kumjibu: ni 0 na 1 tu, wala hakuna nyingine. Basi aljebra ya fikira ni aljebra ya namba hizo mbili. Na mkiandika upya mlinganyo huo mtapata x(1 − x) = 0, yaani hakuna mwanafunzi aliye wa bweni na asiye wa bweni kwa pamoja. Hiyo ni kanuni ya mantiki iliyofundishwa tangu zamani za Aristotle, nayo imetoka yenyewe katika mstari mmoja wa hesabu. Nikiifundisha huandika mstari huo ubaoni na kunyamaza kidogo.

Angalieni kwamba mpaka sasa hatujagusa mashine yoyote. Kalamu ya risasi na karatasi vimetosha. Wengi wenu hudhani kwamba kujifunza kompyuta ni kujua kibonye kipi cha kubonyeza, na kwamba asiyepata zamu yake Jumamosi amepoteza wiki nzima. Mimi naona mwenye kuelewa xx = x amekwisha kuingia chumbani, hata kama mlango umefungwa na ufunguo uko kwa mwalimu wa zamu.

Mwaka wa 1849 Boole aliajiriwa kuwa profesa wa kwanza wa hisabati katika chuo kipya cha Cork, katika kisiwa cha Ireland, ingawa hakuwa na shahada yoyote. Nchi ile ilikuwa bado katika dhiki ya njaa kuu iliyoanza mwaka wa 1845, viazi vilipooza mashambani. Mzee John hakuiona siku hiyo, maana alikufa mwezi wa Desemba, 1848. Huko Cork Boole alikutana na Mary Everest, ambaye ami yake, George Everest, ndiye mlima mrefu kuliko yote duniani ulipewa jina lake. Boole alimfundisha hisabati, wakaoana mwaka wa 1855, wakazaa mabinti watano. Mwaka wa 1862, katika maonyesho makubwa ya London, Boole alikutana na mzee Charles Babbage, yule aliyechora mashine kubwa ya kupiga hesabu kwa magurudumu ya meno na asiimalize. Mwenye mashine na mwenye mantiki walizungumza, kisha kila mtu akaenda zake. Laiti wangepata miaka kumi pamoja!

Hawakuipata. Mwishoni mwa Novemba, 1864, Boole alitoka nyumbani kwake kwa miguu kwenda chuoni, mwendo wa maili tatu hivi, mvua kubwa ikinyesha. Hakutaka kukosa kipindi. Alifundisha akiwa na nguo zilizolowa, akashikwa na homa, ikawa kichomi. Yasemekana mkewe, aliyeamini kwamba dawa ya jambo hufanana na chanzo chake, alimfunika kwa shuka za maji. Alikufa tarehe 8 Desemba, umri wake miaka 49. Mary aliachwa na watoto watano, mdogo wao akiwa bado mchanga. Alihamia London, akafanya kazi ya kutunza maktaba ya chuo cha wanawake, na baadaye akaandika vitabu vya kuwafundishia watoto hisabati. Yeye ndiye aliyeeneza mchezo wa kushona nyuzi zilizonyooka juu ya kadi mpaka zikafanya umbo la mviringo. Binti mmoja, Alicia, alikuja kujulikana kwa jiometria ya vipimo vinne. Mwingine, Lucy, kwa kemia. Na yule mchanga, Ethel, aliandika riwaya ya The Gadfly iliyotoka mwaka wa 1897.

Aljebra ya Boole ilibaki kwa wanafalsafa na wanahisabati zaidi ya miaka 70. Mwaka wa 1937 kijana wa Kimarekani, Claude Shannon, mwenye miaka 21, alikuwa akiangalia mashine moja ya hesabu katika chuo cha MIT, mashine iliyojaa swichi za umeme. Alikuwa amesoma habari za Boole katika somo la falsafa. Akaona kwamba swichi nayo ina hali mbili tu, imefungwa umeme upite, au imefunguliwa umeme ukatike. Yaani 1 au 0. Swichi mbili zikipangwa katika waya mmoja, moja nyuma ya nyingine, taa haiwaki mpaka zote mbili zifungwe: hiyo ni xy. Zikipangwa katika njia mbili za sambamba, taa huwaka hata ikifungwa moja tu. Watu wa Japani na Urusi pia walikuwa wakifikia wazo hilo karibu wakati ule ule, lakini tasnifu ya Shannon ndiyo iliyosomwa zaidi. Tangu hapo fundi aliyetaka kupunguza swichi aliandika mlinganyo, akaurahisisha kama tunavyorahisisha darasani, kisha ndipo akashika waya.

Na hesabu je? Kompyuta hujumlisha kwa tarakimu mbili, 0 na 1. Chukueni a na b, kila moja ni 0 au 1. Zote zikiwa 1, jumla ni mbili, ambayo katika namba za namna hiyo huandikwa 10, yaani tunaandika 0 na kubeba 1. Tarakimu ya kubeba ni ab. Tarakimu ya kuandika ni a(1 − b) + b(1 − a). Jaribuni kwa hali zote nne mtaona haikosei. Mashine iliyo mbele yenu hufanya kazi hiyo kwa swichi ndogo zisizoonekana kwa macho, mabilioni kwa mabilioni.

Aliye na betri, balbu ya tochi, na vipande vya waya aweza kuijenga sehemu ya kubeba leo usiku bwenini. Sehemu ya kuandika yahitaji swichi zenye njia mbili, kama zile za taa ya ngazi inayowashwa chini na kuzimwa juu. Walio mbele zaidi wafikirie hivi: tunapojumlisha namba ndefu, kila safu huwa na tarakimu tatu, a, b, na ile iliyobebwa kutoka safu ya kulia. Andikeni milinganyo ya hali hiyo, zote nane, mkachore na nyaya zake. Karatasi mniletee katika chumba cha walimu kabla ya likizo.