Thurgood Marshall: Alifungiwa Mlango, Akaufungulia Wengine

Kila msimu wa mahafali unapowadia, vyuo vyetu vikuu hushughulika kuwateua wahitimu wao wa zamani wanaostahili kutuzwa. Vitivo vya sheria ndivyo huongoza katika jambo hili, na si ajabu, kwani wahitimu wake ndio majaji, mawaziri, wabunge na mawakili wenye majina makubwa. Nimewahi kuketi katika kamati za aina hiyo, na nionavyo mimi, kinachopimwa hasa ni cheo. Aliyepanda juu zaidi ndiye huitwa jukwaani. Sisemi kwamba cheo hakina maana. Nasema kuwa ni kipimo cha kivivu, na ningependa kueleza sababu kwa kusimulia maisha ya mwanasheria mmoja wa Marekani aliyepata vyeo vikubwa, lakini ambaye angestahili heshima hata kama asingepata hata kimoja. Isitoshe, mtu huyo aliwahi kutufanyia Wakenya kazi ambayo wengi wetu hatuijui.

Thurgood Marshall alizaliwa tarehe 2 Julai 1908 mjini Baltimore, jimbo la Maryland. Jina alilopewa lilikuwa Thoroughgood, ambalo kwa Kiingereza lina maana ya mtu mwema kabisa. Akiwa bado katika shule ya msingi alichoshwa na kuliandika jina refu namna hiyo, akalikata. Sisi wa isimu tunapenda visa vya aina hii: mtoto mdogo kuamua kwamba lugha ni yake, naye ana ruhusa ya kuinyoosha. Baba yake, William, alikuwa mhudumu katika mabehewa ya chakula ya reli na baadaye msimamizi wa wahudumu katika klabu ya Wazungu. Mama yake, Norma, alikuwa mwalimu. Inasimuliwa kwamba Thurgood alikuwa mtundu darasani, na adhabu aliyopewa mara kwa mara ilikuwa kupelekwa chini ya jengo la shule na kuisoma katiba ya nchi yake hadi aihifadhi. Walimu wenzangu watajua kuwa adhabu nyingi humfanya mtoto alichukie somo. Hii ilizaa matunda kinyume.

Alipohitimu Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, mwaka 1930, alitaka kusomea sheria. (Katika miaka hiyo hiyo, chuo hicho kilikuwa na mshairi Langston Hughes na Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Nigeria.) Chuo Kikuu cha Maryland kilikuwa na kitivo cha sheria papo hapo mjini kwao, tena karo yake ilikuwa nafuu. Lakini hakikuwa kikiwapokea watu weusi. Ikambidi aende Chuo Kikuu cha Howard jijini Washington, chuo cha weusi. Hakuwa na uwezo wa kupanga chumba huko, hivyo alipanda gari la moshi alfajiri na kurudi Baltimore usiku, kila siku. Mama yake aliweka rehani pete zake za ndoa na za uchumba ili karo ipatikane.

Katika kitivo cha Howard alimkuta Charles Hamilton Houston, na hapa sina budi kutua kidogo, kwani bila mwalimu huyu hakuna Marshall. Houston alikuwa amesoma Harvard na alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa miongoni mwa wahariri wa jarida la sheria la chuo hicho. Angeweza kujitafutia mali. Badala yake alikichukua kitivo kilichokuwa kikifundisha jioni, akakigeuza kuwa cha mchana, akakaza masharti, akawafukuza wazembe bila huruma. Aliamini kwamba wakili asiyeitumia sheria kuijenga jamii upya ni kupe anayeinyonya, na kwamba baina ya hao wawili hakuna wa katikati. Wanafunzi walimwogopa, wengine walimchukia. Marshall alihitimu mwaka 1933 akiwa wa kwanza katika darasa lake, na maisha yake yote hakuacha kusema kuwa alichokifanya kilitokana na mwalimu yule.

Kesi yake kubwa ya kwanza ilimrudisha katika mlango uliofungwa. Kijana mweusi aliyeitwa Donald Gaines Murray, mhitimu wa chuo cha Amherst, aliomba nafasi katika kitivo cha sheria cha Maryland, akakataliwa kwa ajili ya rangi yake. Houston na Marshall wakakishtaki chuo. Hoja yao haikuwa ya kelele. Sheria ya wakati huo, iliyotokana na uamuzi wa mwaka 1896, iliruhusu watu watengwe maadamu huduma walizopewa zilikuwa sawa. Mawakili hao wawili waliuliza tu: je, kitivo cha sheria cha weusi katika jimbo la Maryland kiko wapi? Hakikuwepo. Mwaka 1935 jaji akaamuru Murray apokewe, na Januari 1936 mahakama ya rufani ya jimbo ikauthibitisha uamuzi huo. Murray alihitimu mwaka 1938. Marshall alikuwa wakili wa miaka mitatu tu, naye tayari alikuwa amempitisha mwingine pale ambapo yeye hakupita.

Mwaka 1936 alijiunga na chama cha kutetea haki za weusi, NAACP, jijini New York, kwa mshahara wa dola 2,400 kwa mwaka. Watu husimulia kesi zake maarufu na kusahau zile ambazo mimi naziona kuwa karibu zaidi na wasomaji wa ukurasa huu. Katika jimbo la Maryland, mwalimu mweusi alilipwa karibu nusu ya mshahara wa mwalimu mweupe mwenye vyeti vile vile. Marshall, mwana wa mwalimu, alizungukia wilaya moja baada ya nyingine akiwatafuta walimu walio tayari kushtaki. Haikuwa kazi rahisi, kwani aliyethubutu angeweza kupoteza kazi. Katika mji wa Norfolk, Virginia, mwalimu Aline Black aliachishwa kazi mwaka 1939 kwa sababu hiyo. Mwenzake Melvin Alston akaichukua kesi, na mwaka 1940 mahakama ya rufani ikaamua kwamba mishahara ya kibaguzi ni kinyume cha katiba.

Hatari nayo haikuwa ya kubuni. Mnamo Novemba 1946, alipokuwa akitoka Columbia, Tennessee, alikokuwa akiwatetea weusi walioshtakiwa baada ya ghasia, polisi walilisimamisha gari lake, wakamkamata kwa madai kuwa aliendesha akiwa amelewa, wakamtia katika gari lao na kushika njia ya kuelekea mtoni. Katika majimbo ya Kusini, safari ya namna hiyo ilijulikana mwisho wake. Wenzake, Alexander Looby akiwamo, walikataa kuondoka. Wakalifuata gari la polisi hadi likarudi mjini. Hakimu alipomkagua Marshall hakuona dalili yoyote ya pombe, akamwachilia.

Sitakawia sana katika kesi ya Brown, kwani inafundishwa kila mahali. Inatosha kusema kwamba tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana kuwa kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao ni kinyume cha katiba, na kwamba Houston hakuiona siku hiyo, kwani alifariki mwaka 1950. Mwaka 1955 mahakama hiyo hiyo iliagiza uamuzi utekelezwe kwa maneno yaliyochanganya haraka na uangalifu katika pumzi moja. Majimbo ya Kusini yalishika uangalifu yakaiacha haraka. Wanafunzi wangu wanapouliza faida ya kuchunguza maana ya maneno, huwapa mfano huo.

Sasa nije Kenya. Mwanzoni mwa mwaka 1960, Tom Mboya alimwalika Marshall awe mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa katiba uliofanyika Lancaster House, London. Kabla ya mkutano alifika hapa nchini. Hali ya hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, ndiyo kwanza ilikuwa ikiondolewa. Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, alipofika kwenye mkusanyiko mmoja na Mboya, mkuu wa serikali ya kikoloni alimkataza kuhutubia. Akaomba ruhusa ya kutamka japo neno moja la salamu, akapewa. Akapanda mahali pa juu na kulitamka neno hilo kwa sauti kuu: Uhuru. Umati ukalipuka kwa vifijo. Nijuavyo mimi, hakuna hotuba ya Kiswahili iliyokuwa fupi kuliko hiyo.

Huko London aliandika rasimu ya Hati ya Haki kwa ajili ya Kenya. Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kwa makini. Mtu aliyenyanyaswa na Wazungu maisha yake yote, aliyenusurika kifo mikononi mwa polisi weupe, alipopewa kalamu aandikie nchi ambayo weusi walikuwa wakielekea kuitawala, alikazia zaidi haki za wachache. Na wachache wa Kenya walikuwa nani? Walikuwa walowezi na Wahindi. Aliandika kwamba mali isichukuliwe bila fidia ya haki, na kwamba asiyeridhika awe na njia ya kufika mahakamani. Wapo waliomwona kama anawalinda walionyakua ardhi, na manung'uniko hayo si ya kupuuzwa, maana suala la ardhi lingali linatutesa. Lakini mantiki yake ilikuwa moja tangu Baltimore: sheria inayomlinda mtu kwa kuwa ni wa upande wenye nguvu si sheria. Mweusi wa Mississippi na Mhindi wa Nairobi walikuwa katika mizani ile ile.

Katika rasimu hiyo alitia pia haki ya elimu, ya afya na ya kazi, mambo ambayo katiba ya nchi yake haikuyataja. Hayo hayakuingia katika katiba ya uhuru ya mwaka 1963. Yalingoja hadi katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 43 kinataja afya, makao, chakula, maji na elimu. Ni miaka 50 kamili. Marshall hakukaa London hadi mwisho. Mwezi Februari 1960 wanafunzi weusi walikuwa wameanza kukaa katika mikahawa ya Wazungu na kukataa kuondoka, nao walihitaji wakili. Alipokuja tena Kenya mwaka 1963, jambo lililomtia wasiwasi ni jinsi wafanyabiashara wa asili ya Kiasia walivyokuwa wakitendewa. Miaka michache baadaye, sheria za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwafanya maelfu yao kufungasha virago. Mboya mwenyewe aliuawa Julai 1969.

Vyeo vilikuja baadaye. Rais Kennedy alimteua kuwa jaji wa mahakama ya rufani mwaka 1961, na maseneta wa Kusini wakalichelewesha jambo hilo hadi Septemba 1962. Mwaka 1965 akawa wakili wa serikali mbele ya Mahakama ya Juu, na mwaka 1967 akawa mtu mweusi wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo, kwa kura 69 dhidi ya 11 za Seneti. Alikaa huko miaka 24. Mahakama ilipoanza kuelekea upande mwingine, akawa jaji wa kupinga. Mwaka 1973 wenzake walio wengi walipoamua kuwa si kosa la kikatiba shule za mtaa wa maskini huko Texas kupata fedha kidogo kuliko za mtaa wa matajiri, aliandika maoni marefu ya kutokubali. Hukumu ya kifo aliipinga daima.

Mwaka 1987 Marekani ilipoadhimisha miaka 200 ya katiba yake, alikataa kushangilia. Alieleza kwamba ile nafsi ya kwanza wingi inayoifungua katiba hiyo haikuwahusu watumwa wala wanawake. Kiswahili, kama Kiingereza, kina sisi moja tu. Zipo lugha, za Ufilipino mathalani, zenye sisi mbili: ile inayomjumuisha anayeambiwa na ile inayomwacha nje. Nadhani Marshall angezipenda.

Alistaafu mwaka 1991 akafariki tarehe 24 Januari 1993. Kuhusu tuzo, yapo mawili ya kutaja. Mwaka 1947 jimbo la Texas lilianzisha kitivo cha sheria cha weusi ili Heman Sweatt, mteja wa Marshall, asiingie katika chuo kikuu cha jimbo hilo. Marshall alishinda kesi hiyo mwaka 1950, na kitivo kile kilichoanzishwa kwa hila kimeitwa kwa jina lake tangu mwaka 1976. Nacho Chuo Kikuu cha Maryland kiliipa maktaba yake ya sheria jina lake mwaka 1980. Yeye hakuhudhuria sherehe. Wapo wanaoona kuwa alikuwa na kinyongo; mimi naona alikuwa na kumbukumbu.

Wanafunzi wa sheria ninaokutana nao hapa wanaijua kesi ya Brown na mwaka wake. Nikiwauliza juu ya rasimu ya Lancaster House, huduwaa. Mwanahistoria Mary Dudziak alichapisha kitabu kizima kuhusu safari hiyo ya Marshall mwaka 2008, hivyo hakuna kisingizio cha kukosa pa kusoma. Rasimu yenyewe si ndefu. Kitivo kinachotafuta la kufanya baada ya karamu ya wahitimu wake kingeweza kuitafsiri kwa Kiswahili, na idara yangu ingekuwa tayari kusaidia.