Sayyid Ahmed bin Sumeit: Nahodha aliyekuwa Kadhi

Visiwani kwetu wengi tunamjua Sayyid Ahmed bin Abubakar bin Sumeit (Allah amrehemu) kwa ukadhi wake wa Unguja. Kabla ya hapo alikuwa nahodha. Alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, akajifunza bahari na biashara kwa baba yake. Sultani Barghash alipompa ukadhi, hakuwa ametimiza hata miaka 30. Kuacha usukani ukakalia kiti cha hukumu si jambo jepesi!

Haukupita muda akakhitilafiana na Sultani huyo. Kazi ikamtoka, na mji akauhama. Wangapi wetu hapo tungebaki barazani tukihesabu tuliodhulumiwa? Yeye alirudi kuwa mwanafunzi: akenda Istanbul kwa Sayyid Fadhl Pasha, kisha Misri na Makka, akikaa mbele ya mashekhe.

Barghash alifariki mwaka 1888, naye akarejea Unguja na kupewa tena ukadhi. Mwaka 1890 Waingereza wakaingia, amri ikabadilika mikono. Sayyid Ahmed akaendelea kuhukumu na kusomesha mpaka alipofariki mwaka 1925, mwaka ule ule aliofariki rafiki na mwanafunzi wake, Sheikh Abdallah Bakathir.