MO AMIN: KAZI NDIYO ILIKUWA STAREHE YAKE, NA BEI ALIYOLIPA

Leo nimelipia saa nzima hapa kafe, maana stori ni ndefu, na wiki iliyopita nililipia nusu saa mashine ikanizimia kabla sijamaliza kuandika.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye kikao cha harusi ya dada yangu. Wengi wenu mnajua kwamba tangu nimalize kidato cha nne, mbali na kublogu, nashika kamera ya video ya kukodi. Napiga harusi, sendofu, kipaimara, maulidi, chochote kinachokuja. Sasa kamati ilipofika kwenye bajeti ya video, mjomba akasimama akasema hakuna haja ya kuweka hela hapo, kijana wetu yupo, na tena ile si kazi, ni starehe tu: unakula pilau, unakunywa soda, unaangalia watu wanacheza. Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza kwa heshima, ingawa moyoni nilikuwa namkumbuka mteja mmoja ambaye mpaka leo hajanimalizia hela yangu ya tangu Pasaka.

Ila lile neno la mjomba lilinikaa kichwani. Hivi kazi ya kamera ni kazi au ni starehe? Na kama ni vyote viwili kwa pamoja, unajuaje pa kuishia? Katika kutafuta jibu nikakutana tena na habari za mtu ambaye vijana wengi wa leo hawamjui, ingawa alikulia hapa hapa Dar es Salaam. Anaitwa Mohamed Amin, wengi walimwita Mo.

Mo alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943, mtoto wa fundi wa reli ambaye asili yake ilikuwa Punjab. Akiwa bado mdogo familia ikahamia Dar, na huku ndiko alikosoma na ndiko alikoanza ugonjwa wake wa kamera. Akiwa na miaka kama 11 alipata kamera yake ya kwanza, Box Brownie ya mtumba. Ile ilikuwa kamera ya bei poa, kisanduku tu chenye lenzi. Wenzake wakicheza mpira, yeye anapiga picha na kujifunza kuzisafisha gizani kwa dawa.

Kitu kingine kilichompagawisha ni magari. Mbio za Safari Rally zilikuwa zimeanza mwaka 1953, na dogo akiwa bado mwanafunzi alikuwa anazifukuzia barabarani kupiga picha. Hapo ndipo mnaweza kumwelewa huyu jamaa. Kijana mwingine akipenda mbio za magari atakaa pembeni ashangilie. Mo alipenda mbio za magari, basi akazigeuza kuwa picha za kuuza.

Mwaka 1963, hajafika hata miaka 21, akafungua kampuni yake hapa Dar es Salaam akaiita Camerapix. Januari 1964 Mapinduzi ya Zanzibar yakatokea, yeye ana miaka 20, na picha zake za Zanzibar zikamtambulisha kwa wakubwa wa habari wa nje. Msifikirie mambo yalikuwa kama sasa, unapiga na simu, unatuma, imeisha. Wakati ule ulikuwa unapiga kwenye filamu, unaifunga vizuri, unaiwahisha uwanja wa ndege iende London, ndiyo ikasafishwe na kuonyeshwa huko. Ukikosa ndege, habari yako imelala. Kwa hiyo kupiga picha nzuri ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kujua ratiba za ndege, kujuana na watu wa uwanjani, na kumfikia mwenye muhuri wa kibali kabla ya mwenzako.

Lakini kamera hiyo hiyo ikamponza. Mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar akatiwa gerezani karibu mwezi mzima, na aliteswa humo ndani. Alipotoka akafukuzwa Tanzania. Akarudi alikozaliwa, Nairobi, akaanza upya na Camerapix yake. Wengi wetu tungetafuta kazi ya dukani tukae salama. Yeye aliendelea kama vile hakuna kilichotokea, akawa mtu wa kutegemewa Afrika na Visnews, shirika la London lililokuwa likisambaza picha za habari kwa vituo vya televisheni dunia nzima.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, Waziri Tom Mboya akapigwa risasi akitoka kwenye duka la dawa katikati ya Nairobi. Mo alifika haraka sana, mpaka akaingia kwenye gari la wagonjwa akipiga picha wakati watu wanahangaika kuokoa maisha ya Mboya. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka huko Uingereza. Wadau, hapa mimi nilikwama kidogo. Mtu anakata roho, wewe unashika kamera? Halafu nikakumbuka ajali ya bodaboda niliyoiona mwaka jana, nilitoa simu nikarekodi kabla sijatoa mkono kusaidia, na ile video haikumsaidia mtu yeyote, niliifuta. Kwa hiyo sina mdomo wa kumhukumu. Ninachoona ni kwamba bila picha zile, kifo cha Mboya leo tungekisikia kama hadithi tu, kila mtu na toleo lake.

Kuhusu starehe sasa, maana hapo ndipo mjomba alipogusa. Nimetafuta sana Mo alikuwa anapumzika vipi, na kila nikidhani nimepata, nakuta ni kazi tena. Alipenda safari za porini. Haya, akaandaa msafara wa magari kulizunguka Ziwa Turkana, kwenye jangwa lile la kaskazini mwa Kenya lenye mawe na joto la kukausha mate mdomoni. Mwingine angerudi na stori za kijiweni, yeye akarudi na kitabu, Cradle of Mankind, kilichotoka mwaka 1981. Alipenda wanyama, akapiga picha za kitabu cha kutetea faru. Alikuwa Mwislamu, akaenda Makka, na mwaka 1978 kikatoka kitabu cha picha za Hija. Baba yake alikuwa mtu wa reli, basi mwaka 1986 akatoa na wenzake kitabu cha reli ya Afrika Mashariki. Na mwaka 1984 kikatoka kitabu cha safari ndani ya Tanzania, nchi ile ile iliyomfukuza miaka 18 nyuma. Hicho kilinifurahisha kuliko vyote. Hakuweka kinyongo na ardhi.

Vitabu hivi hakufanya peke yake. Alikuwa na mpiga picha Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley. Huyo Tetley mshikeni kichwani, tutarudi kwake.

Kingine alichokuwa nacho ni ujasiri wa kuwatafuta watu wasiotafutika. Idi Amin alipopinduliwa mwaka 1979 alipotea machoni pa watu. Mwaka 1980 Mo na mtangazaji wa BBC Brian Barron wakamkuta Saudi Arabia na kumhoji mbele ya kamera. Amin akikutana na Amin, ila hawakuwa na undugu wowote.

Tufike sasa kwenye kazi iliyoliandika jina lake moja kwa moja. Mwaka 1984 kaskazini mwa Ethiopia kulikuwa na ukame, na juu ya ukame kulikuwa na vita kati ya Serikali na wapiganaji wa Tigray na Eritrea. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa inasherehekea miaka 10 ya mapinduzi yake na haikutaka njaa ile ionekane. Vibali vilikuwa shida. Hapo ndipo miaka yote ya kujuana na watu ilipolipa. Oktoba 1984 Mo akafika mji wa Korem akiwa na mtangazaji Michael Buerk wa BBC. Alfajiri, kwenye baridi ya milimani, wakakuta umati wa watu wasio na chakula, wengine wamejifunika mashuka wanakufa pale pale chini, watoto kwa wazee.

Mo akapiga. Na ukiangalia zile picha, kamera haikimbii. Inatulia juu ya uso wa mtu mpaka na wewe unayetazama unashindwa kugeuka. Mimi kwenye harusi huwa nazungusha kamera huku na huku nikidhani ndiyo ufundi. Picha zile zilinifundisha kutulia.

BBC waliirusha habari ile tarehe 23 Oktoba 1984, na baadaye vituo zaidi ya 400 duniani vikairusha. Mwanamuziki Bob Geldof aliiona akiwa nyumbani kwake, akakusanya wenzake wakarekodi wimbo wa Band Aid mwaka huo huo. Mwaka 1985 Wamarekani nao wakatoa wao, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Mamilioni ya dola yakapatikana. Njaa ile iliua mamia ya maelfu, hilo hakuna picha iliyolifuta, na wapo wanaouliza mpaka leo kama misaada yote iliwafikia wenyewe. Lakini wapo watu wanaoishi leo kwa sababu kijana wa Eastleigh aliyekulia Dar alisimama pale na kamera yake.

Halafu ikaja bei. Mwishoni mwa Mei 1991 Mengistu alikuwa amekimbia na waasi wameingia Addis Ababa. Tarehe 4 Juni ghala la silaha likalipuka mjini, Mo na wenzake wakaenda kupiga picha, likalipuka tena. Fundi wake wa sauti, Mkenya John Mathai, alikufa pale pale. Mo akapoteza mkono wa kushoto. Fikiria, mpiga picha bila mkono. Akatengenezewa mkono wa bandia, akajifunza kushika kamera nao, na haikupita muda mrefu akarudi kazini. Watu walimwita shujaa. Mimi nilivyosoma nilijiuliza pia kuhusu familia ya Mathai, ambayo haikupata mtu wa kurudi.

Bei nyingine ilikuwa nyumbani. Mo alikuwa na mke, Dolly, na mtoto mmoja wa kiume, Salim. Mwaka 2006 Salim alitoa filamu ya Mo & Me kuhusu yeye na baba yake. Kwa kifupi, ni mtoto anayejivunia baba ambaye hakuwa akimwona. Dunia nzima ilikuwa inamwona baba kupitia kazi zake, mtoto alikuwa anamsubiri arudi safari.

Tarehe 23 Novemba 1996 Mo alikuwa anarudi Nairobi kutoka Addis kwa ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, pamoja na yule Brian Tetley. Vijana watatu wakaiteka wakitaka ipelekwe Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakusikia. Inasemekana Mo hakukubali kukaa kimya, alisimama akabishana na watekaji mpaka mwisho. Mafuta yakaisha, ndege ikaangukia baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, Mo na Tetley wakiwemo. Wenyeji na watalii walitoka na boti kuokoa waliobaki hai.

Na kuna mtalii mmoja pale ufukweni alikuwa na kamera ya video. Ndiyo ile video mnayoiona ya ndege inagusa maji na kuvunjika. Mtu aliyepiga vifo vya wengi, cha kwake kilipigwa na mtu wa likizo ambaye hakujua ndani yuko nani. Alikuwa na miaka 53.

Aliacha mamilioni ya picha na kanda pale Nairobi, zimetunzwa, na Salim aliendeleza kazi. Hapo tu nimepata aibu, maana mimi harusi nilizopiga mwaka juzi nilishazifuta ili nipate nafasi kwenye kadi.

Kwa hiyo jibu la mjomba ni lipi? Nadhani mjomba amekosea kusema si kazi, ila hajakosea sana kusema ni starehe. Ukiipenda inakuwa starehe, na hatari yake ndiyo hiyo, kwa sababu kazi unaweza kuitoroka lakini starehe huitoroki. Mo hakuwa na mlango wa kutokea. Korem ilipatikana kwa sababu hiyo, na Salim akamkosa baba kwa sababu hiyo hiyo. Mimi siwezi kusema alikosea. Waliopona Korem watanishangaa.

Mimi sina Korem, nina harusi ya dada Jumamosi ijayo. Nimeongea na kamati, nimemtafuta mshikaji wangu aje kupiga video, na nimewaambia alipwe, nusu kabla na nusu siku hiyo hiyo. Mjomba ameguna lakini ametoa mchango. Mimi nitakaa meza ya familia, mikono mitupu, nimwangalie dada yangu anavyoingia ukumbini.

Sijui kama nitaweza. Wadau wenye kazi mnazozipenda kupita kiasi, nyie mnafanyaje? Andikeni hapo chini, nitasoma zote kesho nikipata hela ya kafe. Dakika zangu zimebaki nne.