Ferdinand Porsche, Fundi wa Motokaa

Mtu asafiriye kwa motokaa kutoka Bukoba kwenda Muleba, kisha akaiacha lami na kuingia njia za vijijini, hujua mara moja kazi ya springi. Mawe, mashimo na mifereji ya mvua huyapiga kwanza magurudumu ya mbele, nayo ndiyo yanayoongozwa na usukani. Motokaa yenye springi mbovu mbele haimtii dereva wake. Habari hii ni ya mtu aliyelifikiri sana jambo hilo, na dawa aliyoivumbua ilifika hata kwetu Afrika Mashariki.

Ferdinand Porsche alizaliwa tarehe 3 Septemba, 1875, katika kijiji cha Maffersdorf. Siku zile kijiji hicho kilikuwa chini ya Dola ya Austria na Hungaria. Leo kimo katika nchi ya Cheki. Baba yake alikuwa fundi wa mabati, akamtaka mwanawe airithi karakana. Basi mchana kijana alifanya kazi na baba yake, na jioni akaenda kusoma katika shule ya ufundi ya mji wa jirani. Alipopata miaka 18 alikwenda Vienna, akaajiriwa katika kiwanda cha vyombo vya umeme.

Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, watu walistaajabu kuona gari alilolibuni, ambalo mota zake za umeme zilikuwa ndani ya magurudumu yenyewe. Mwaka 1906 akawa mkuu wa uchoraji wa magari katika kampuni ya Austro-Daimler. Mwaka 1910 aliendesha mwenyewe gari alilolichora katika mashindano ya Prinz Heinrich, akashinda. Mwaka 1917 chuo kikuu cha ufundi cha Vienna kilimpa heshima ya udaktari, naye hakupata kuhitimu chuo chochote.

Mwaka 1931 alifungua ofisi yake mwenyewe katika mji wa Stuttgart, Ujerumani. Mwaka ule ule, mwezi wa Agosti, alipeleka maombi ya kulindiwa haki ya springi ya namna mpya. Magari mengi wakati huo yalikuwa na springi za chuma bapa, zilizopangwa moja juu ya nyingine kama zile za malori. Zilikuwa nzito, na mara nyingi gurudumu moja lilipopanda jiwe, la pili nalo lilisukwasukwa. Porsche alitumia chuma kirefu kinachojisokota. Tazama mtu anavyokamua nguo: mikono huizungusha, nayo hujipinda. Tofauti ni kwamba chuma kizuri, ukikiachilia, hurudi kama kilivyokuwa.

Katika Volkswagen aliyoichora, mabomba mawili yamelala mbele kutoka upande huu hata upande huu. Ndani ya kila bomba mna vyuma vyembamba vilivyofungwa pamoja kama tita la kuni, vikashikwa imara katikati. Mwishoni mwa tita, kila upande, pana mkono unaobeba gurudumu. Gurudumu likipanda jiwe, mkono huinuka na kulisokota tita. Jiwe likipita, tita hujisokotoa. Hivyo kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake. Gari dogo la mbio liitwalo Porsche 356, lililotoka mwaka 1948, nalo liliwekewa springi za namna hiyo mbele.

Lakini chombo chema hudai kutunzwa. Mabomba hayo yana vichuchu vya grisi, na yakikosa grisi, maji na vumbi hula chuma. Wenye magari hayo ya zamani hupenda kuyaongezea nguvu kwa kuweka shokapu bora, au chuma kinene zaidi cha kuzuia gari lisilale katika kona. Fundi mwenye busara hainunui shokapu kwanza. Huinua gari kwa jeki, hulishika gurudumu juu na chini na kulitikisa, asikie kama pini zimelegea. Shokapu mpya juu ya pini iliyolika ni fedha iliyotupwa, na pini ikikatika katika mteremko ni roho za watu.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, tena 1957, tena 1962, katika vumbi na matope yaliyoyashinda magari yenye nguvu zaidi.

Sasa yafaa tuseme na upande wa pili wa maisha yake. Volkswagen ilichorwa kwa amri ya serikali ya Hitler, na Porsche alifanya mapatano ya kazi hiyo mwaka 1934. Mwaka 1937 aliingia katika chama cha Nazi. Kiwanda kilianza kujengwa mwaka 1938, naye akawa miongoni mwa wakuu wake. Vita vilipokuja, kiwanda kilitengeneza vyombo vya jeshi, na watu wapatao 20,000 walifanyishwa kazi humo kwa nguvu, wengine wakiwa wafungwa wa kambi za mateso. Baada ya vita Wafaransa walimkamata Porsche, wakamweka kifungoni tangu Desemba 1945 hata Agosti 1947. Baadaye mahakama ya Ufaransa ilimwondolea mashtaka yake. Lakini hukumu ile haikurudisha siku za wale waliolazimishwa.

Alifariki Stuttgart tarehe 30 Januari, 1951, akiwa na umri wa miaka 75.

Ndugu wasomaji, sisi ni watu wa nchi iliyojua chuma tangu kale. Huko Katuruka, wilayani Bukoba, wataalamu wamechimbua mabaki ya tanuri ambamo wazee waliyeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita. Wapo miongoni mwetu watakaokuwa mafundi na mainjinia. Na waige bidii ya mtoto yule aliyefanya kazi mchana na kusoma jioni. Tena, kabla ya kupokea kazi, waulize itamfaa nani na itamwumiza nani. Swali hilo Porsche hakulipa nafasi ya kutosha.