Najashi As-hama, Mfalme wa Habasha

Jina la Najashi hulijua kila mtoto wa chuoni, tangu pwani hata Dumila huku bara, lakini wengi hudhani ndilo jina lake. Sivyo. Najashi ni lakabu ya wafalme wa Habasha, na anayekusudiwa hapa ni As-hama bin Abjar.

Wapokezi wa sira husimulia ya kuwa wakubwa wa nchi walimwua baba yake, wakamtawaza ami yake. Kijana alipozidi kwa akili wakamwogopa, wakamwuza kwa mfanya biashara kwa dirhamu 600. Ami akapigwa na radi akafa. Wakamtafuta kijana, wakamvika taji. Mnunuzi akaja kudai mali yake, wasitake kumlipa. As-hama akahukumu: apewe fedha zake, au arudishiwe mtumwa wake.

Kabla yake, kwenye mwaka 525 hivi, Mfalme Kaleb wa Habasha alivusha jeshi mpaka Yaman kwa sababu Dhu Nuwas aliwaua Wanasara wa Najran. As-hama hakuvusha jeshi. Yeye alikataa kuwatoa watu, na huenda hilo ni zito zaidi; kwani apiganaye hutumai ngawira, na akataaye hupoteza hata zawadi.

Mwaka 615, Makureshi walipozidi kuwaadhibu Waislamu, Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu kuhamia Habasha. Wakatangulia wachache, miongoni mwao Bwana Uthman bin Affan na mkewe Bibi Ruqayya, binti wa Mtume. Kisha wakafuata wengine hata wanaume wakapita 80, mbali na wanawake na watoto.

Makureshi wakawatuma Amr bin al-As na Abdullah bin Abi Rabia na ngozi njema za Makka. Wakaanza kwa makasisi wakuu, kila mmoja na hadiya yake, ili wamshauri mfalme awatoe wageni bila ya kuwasikiliza. Fitina yote ilikuwa katika hilo neno la mwisho. Mfalme akaghadhibika, akaapa hatawatoa watu waliomchagua yeye kuwa jirani yao mpaka awasikie. Jaafar bin Abi Talib akaieleza dini, akasoma mwanzo wa Sura ya Maryam. Mfalme akalia hata ndevu zikalowa.

Siku ya pili Amr akarudi na hila kubwa zaidi, kwamba watu hawa humnenea Isa (A.S.) neno zito. Jaafar hakuficha wala hakulainisha: Isa ni mja wa Mungu na Mtume wake, na neno lake alilompelekea Maryam. Mfalme akaokota kijiti, akasema Isa hakuyazidi hayo hata kwa kadiri ya kijiti kile. Makasisi wakaguna. Akazirudisha zawadi zote, akisema Mungu hakumtoza rushwa alipomrudishia ufalme.

Uamuzi huo haukupita bure. Watu wake walimwasi, wakidai ameiacha dini yao. Naye, kabla ya kutoka kuwakabili, akawawekea Waislamu majahazi tayari, wapate kuondoka akishindwa. Hakushindwa.

Mwaka 628 akawasafirisha waliobaki kwa majahazi mawili, wakamkuta Mtume Khaybar imekwisha kutekwa.

Alikufa Rajabu ya mwaka wa 9 wa Hijra, yaani 630. Siku ile ile Mtume akawapa Masahaba khabari huko Madina, akawatoa uwanjani, akawapanga safu, akamsalia kwa takbira 4. Mahanafi na Mamaliki wamesema hiyo ilikuwa khususi. Imamu Shafii ameishika kuwa hoja ya kumsalia maiti aliye mbali. Ndiyo maana katika misikiti ya pwani, ikija khabari ya aliyefia ng'ambo, watu husimama safu na mbele yao hapana jeneza.