Maisha ya Botticelli, Fundi wa Picha

Mara hii tunawapa habari ya Sandro Botticelli, fundi wa zamani, juu ya ubishi uliotokea kati yetu. Mwenzetu mmoja alitundika picha ya mamba muntu karibu na kitanda chake. Wengine wakasema: ni sanamu ya mashetani, ipasuliwe! Botticelli naye alikutana na neno kama hilo, zaidi ya miaka 500 imepita.

Alizaliwa Firenze, katika Italia, karibu mwaka 1445. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi. Jina lake la kweli ni Alessandro Filipepi. Botticelli ni jina la utani, maana yake pipa dogo. Alijifunza kazi kwa Filippo Lippi, akajulikana sana, hata mwaka 1481 Papa akamwita Roma kupaka habari za Biblia katika kanisa la Sistina.

Karibu mwaka 1485 alipaka picha ya kuzaliwa kwa Venus. Wakubwa wa Firenze walipenda hadithi za kale za Wagiriki na Waroma, na ndani yake Venus ni mungu mke wa mapendo, aliyetoka baharini. Tuangalie basi. Amesimama juu ya kombe kubwa, anajifunika kwa mikono na nywele zake ndefu. Kushoto pepo zinamsukuma kwa pumzi, na maua ya waridi, alama ya mapendo, yanaanguka. Kuume mwanamke anakuja na nguo yenye maua apate kumvika. Mtu angefikiri ni sikukuu, lakini Venus hacheki hata kidogo. Uso wake uko na huzuni, sawa mtu anayejua kama uzuri haukai. Tena unafanana sana na uso aliompa Mariamu mwenye kumbeba Yesu. Wenye hekima wa mji ule walifundisha kama uzuri wa dunia unaweza kupandisha roho mpaka kwa Mungu.

Kisha akatokea Savonarola, mtawa mwenye kuhubiri kwa ukali juu ya dhambi za mji. Mwaka 1497 vijana walipita nyumba kwa nyumba, wakakusanya vioo, nguo za fahari, vitabu na picha, vyote vikachomwa kiwanjani. Mwaka 1498 Savonarola mwenyewe alinyongwa na kuchomwa palepale. Luther alimheshimu baadaye. Simone, ndugu ya Botticelli, alikuwa mfuasi wake. Watu husema Botticelli naye alitupa kazi zake motoni, lakini ushuhuda hakuna. Tunajua tu kama picha zake za mwisho zimejaa toba, kama ile ya Kuzaliwa kwa Yesu ya mwaka 1500, ambamo malaika wanakumbatia watu.

Alikufa mwaka 1510, akasahauliwa zaidi ya miaka 300. Venus hakuchomwa; yuko Firenze hata leo.

Na mamba muntu wetu? Tulimwuliza mwenye picha: nyoka huyu ni wa nini? Akajibu kama mamba muntu anatoa mali, lakini baadaye anadai uhai wa ndugu yako. Ndiyo sababu aliitundika, asisahau. Kati yetu hakuna aliyewaza hivyo. Tukamrudishia picha yake.