Habari za Rudolf Diesel, na Lori la Baba

Jina la Diesel hutajwa kila siku katika vituo vya mafuta, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba lilikuwa jina la mtu. Mimi nilimjua mtu huyo kwa sababu ya lori la baba yangu.

Baba alikuwa akichukua mizigo kutoka Gitega kwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi. Safari moja lori likapasua gasketi, likapelekwa kwa mafundi. Lilipotoka huko lilinguruma vizuri likiwa tupu. Lakini tulipolipakia na kuanza kupanda vilima, nguvu zikaliisha. Likatambaa kama kinyonga, huku likitoa moshi mweusi. Tukaambiwa pampu ya mafuta imekufa. Bei ya pampu mpya ilikuwa kubwa mno, hata baba akaanza kutafuta mtu wa kulinunua lori. Na karo yangu ya shule ilitoka katika lori lile lile.

Siku zile nilikuwa nimeazima kitabu kilichoeleza maisha ya Diesel. Alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858, na wazazi wake walikuwa Wajerumani. Vita vya Ufaransa na Ujerumani vilipotokea mwaka 1870, jamaa yake ilikimbilia London katika hali ya umaskini, naye akapelekwa Augsburg kwa ndugu zake kusoma. Baadaye aliingia chuo cha ufundi cha Munich, akamaliza mwaka 1880 kwa sifa kubwa. Huko alijifunza kwamba injini za mvuke zilipoteza zaidi ya sehemu 9 katika 10 za joto la makaa. Jambo hilo likamkaa moyoni.

Shauri lake lilikuwa hili: hewa ikishindiliwa sana ndani ya silinda hupata joto kali, na mafuta yakiingizwa humo huwaka yenyewe pasipo cheche. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1893, na kiwanda cha Augsburg kikamsaidia. Jaribio la kwanza mwaka ule lilipasua kipimo juu ya injini, nusura limdhuru. Hakukata tamaa, maana alikuwa ameona kwamba mafuta yamewaka. Tarehe 17 Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Akaendelea kuchunguza kosa moja baada ya jingine, hata mwaka 1897 injini yake ikapimwa mbele ya wataalamu, ikageuza asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi.

Mswisi mmoja, Alfred Büchi, alipata mwaka 1905 hati ya kitu ambacho sasa mafundi hukiita tabo. Moshi unaotoka katika injini huzungusha gurudumu dogo, nalo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda.

Nilipofika hapo nikafunga kitabu. Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha! Tena, ili kubadili gasketi mafundi walikuwa wamefungua mipira ya hewa. Alfajiri nikamwomba baba tuifuate mipira hiyo kwa mkono, mmoja mmoja, kuanzia kwenye tabo. Nyuma ya injini tukakuta pete ya chuma haikukazwa, na mpira umechomoka nusu. Kila injini ilipovuta mzigo, hewa ilitorokea hapo. Tukaukaza kwa bisibisi. Siku ile tulipakia mzigo ule ule, tukafika Muyinga jua lingali juu, na lori halikuuzwa.

Njiani nilimsimulia baba mwisho wa Diesel. Uvumbuzi wake ulimpatia mali nyingi, akajenga nyumba kubwa Munich. Lakini fedha zake akaziingiza katika biashara mbaya, madeni yakamzidi. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alikuwa katika meli Dresden, akitoka Antwerp kwenda Uingereza. Asubuhi hakuonekana. Siku chache baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti baharini, na vitu vilivyotolewa mifukoni vikatambuliwa na mwanawe. Hakuna aliyeona jinsi alivyoanguka.

Baba alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniagiza nimnunulie daftari la hesabu.

Basi, wanafunzi wenzangu, kitu kikiharibika baada ya kutengenezwa, msikimbilie kununua kipya. Anzeni pale mkono wa fundi ulipogusa mwisho. Na mtu anayepima injini yake kwa uangalifu, na apime vivyo hivyo mfuko wake.